Zawadi ya Krismasi ya Mtoto: Mkae Chini Ninyi Wawili Kwanza



Wapendwa wanandoa, kila Majilio yakikaribia watu hunijia na swali moja ambalo ukilitazama haraka laonekana dogo: "Katekista, mwaka huu tumnunulie mtoto nini?" Huliuliza kama mtu aulizaye bei ya nyanya. Lakini nikikaa nao kidogo naona kwamba swali lenyewe si hilo. Swali ni pesa ngapi zipo, nani ameahidi nini, nani ameona aibu, na nani hakuambiwa. Kwa hiyo leo katika ukurasa wetu tutazungumza juu ya zawadi ya Krismasi kwa mtoto mdogo, yaani yule ambaye bado hajafika miaka saba, katika nyumba ambayo mfuko wake ni mwembamba. Na nyumba za namna hiyo ndizo nyingi.

Nitaanza na habari ya ndoa moja. Wenyewe wameniruhusu niisimulie, nami nimebadilisha mambo madogo madogo ili wasitambulike.

Mume ni mtunza bustani huko Spring Valley, katika nyumba moja iliyo karibu na barabara ya Peponi. (Msomaji asiyelijua jiji letu asidhani natania. Barabara hiyo inaitwa Peponi kweli, na ukiona miti na maua ya huko hutauliza sababu.) Mkewe ana kibarua cha kufua nguo katika nyumba za Westlands, leo hapa, kesho pale. Wanakaa Kangemi, chumba kimoja katika ploti yenye vyumba kumi na viwili. Wana watoto wawili: msichana aliyekuwa Gredi ya Nne wakati huo, na mvulana wa miaka minne.

Likizo ya Agosti mama alikosa mtu wa kumwachia mtoto, hivyo siku mbili tatu baba alikwenda naye kazini. Huko yule mdogo alimwona mtoto wa mwajiri akizunguka uwanjani na baiskeli ya magurudumu matatu, nyekundu, yenye kengele. Basi akashikwa nayo. Jioni njiani akauliza: "Baba, yangu italetwa lini?" Baba alikuwa amechoka, akajibu neno moja tu: "Krismasi."

Mwezi wa Novemba yule mama mwenye nyumba alimwita mtunza bustani wake. Mwanawe alikuwa amekuwa mkubwa, magoti yanagonga usukani. Akasema kwa wema, "Chukua hii, mpelekee mtoto wako." Mume akashukuru sana, akaisukuma mpaka gereji, akaiacha humo. Hakuipeleka nyumbani, wala hakumwambia mkewe kwamba amepewa.

Nilipomwuliza kwa nini, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Katekista, nyasi ninazokata ni zao. Koti ninalovaa lilikuwa la mzee. Viatu hivi pia. Nilitaka mwanangu apate kitu kimoja ambacho hakikuanzia kwao." Sikumcheka, na wewe mwanaume unayesoma hapa najua hukumcheka.

Kwa hiyo akafanya nini? Akachukua mkopo wa simu. Akaenda mjini siku ya Jumamosi, akanunua baiskeli mpya ya shilingi 6,800, akaificha kwa rafiki yake mlinzi. Upande wa pili, mkewe naye alikuwa na siri yake. Alikuwa amempa fundi cherehani shilingi 3,500 za malipo ya kwanza, ili familia nzima iende Misa ya Krismasi katika kitenge cha namna moja. Pesa hizo zilikuwa za chama, nazo zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya sweta na viatu vya msichana mwezi wa Januari. Alitaka kumfurahisha mumewe. Kila mmoja alikuwa akimwandalia mwenzake furaha, na kila mmoja alikuwa akichimba shimo.

Krismasi yenyewe ilikuwaje? Mwajiri na familia yake walisafiri kwenda Diani, na baba wa watoto ndiye aliyeachiwa nyumba. Alikula sikukuu na mbwa. Baiskeli ilifunguliwa na mama, ambaye alishangaa imetoka wapi, lakini mbele ya watoto akanyamaza. Mtoto aliiendesha katika ujia wa ploti, mahali palipo na majiko, mitungi ya maji na nguo zilizoanikwa. Siku ya kwanza alimwaga ndoo ya jirani, na jirani akasema maneno. Siku ya tatu kanyagio likavunjika. Ikapandishwa juu ya kabati.

Januari ujumbe wa deni ukaingia kwenye simu, naye mama ndiye aliyekuwa ameishika.

"Baba watoto, hizi pesa za nani?"

"Ni zangu. Nitalipa."

"Utalipa na nini? Mtoto anaenda shule na viatu gani?"

"Na wewe zile za chama ziko wapi?"

Msichana alirudi shuleni na sweta ya mwaka uliopita, mikono imefika kwenye viwiko. Wazazi wakakaa majuma mawili bila kusemezana ila kwa kumtumia mtoto: "Mwambie baba yako chakula kiko tayari." "Mwambie mama yako nimeshakula." Mpaka siku moja, baada ya sala ya Jumuiya, wakabaki nyuma wakanishika mkono.

Sasa tujifunze nini hapa? Tusiharakishe kusema kwamba kosa lao ni kununua kitu cha bei kubwa. Mtu anaweza kununua cha bei ndogo kwa siri na nyumba ikaungua vile vile. Kosa ni kwamba zawadi ya mtoto wao iliamuliwa na watu wawili waliokuwa wakiishi katika chumba kimoja bila kuambizana. Katika Sakramenti ya Ndoa tuliahidiana uaminifu, na wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria mambo ya zinaa peke yake. Uaminifu unafika pia kwenye mfuko wa shati na kwenye simu.

Hebu tuanze na hesabu, kwa maana bila hesabu mazungumzo yote ni hewa. Novemba 2024, Serikali ilipopandisha kima cha chini cha mishahara kwa asilimia 6, mtunza bustani au mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi aliwekewa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Wapo wanaolipwa zaidi, na kwa bahati mbaya wapo wengi wanaolipwa chini ya hapo. Ukishatoa makato, mtu anaingia nyumbani na kitu kisichozidi elfu kumi na tano hivi. Na kuna jambo ambalo watu husahau kila mwaka. Waajiri wengi wa upande wetu hulipa mshahara wa Desemba mapema, tarehe 20 au hata kabla, kwa sababu wanasafiri. Mfanyakazi hufurahi. Lakini mshahara unaofuata ni tarehe 31 Januari. Hesabu mwenyewe: ni siku 42. Ni Kwaresima nzima na zaidi, nayo imeangukia mwezi wa sikukuu na wa kufungua shule. Ndiyo maana watu wameubatiza mwezi huo Njaanuari.

Tena kwa mama afuaye nguo Desemba ni mwezi mbaya. Nyumba zimefungwa, watu wako Pwani au ushago, hakuna nguo za kufua. Kwa hiyo mapato yanapungua wakati ule ule nauli za kwenda magharibi na kwingineko zinapopanda.

Elimu ya msingi ya bure ilirudi Januari 2003, nasi twashukuru. Hata hivyo kila mzazi ajua kwamba sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana havikuingia katika neno hilo "bure".

Kuhusu mikopo ya simu sitasema mengi. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na watu wengi waliona ni kitu kidogo. Baadaye ikaja mikopo mingine ya kila aina. Mkopo wa kumpeleka mtoto hospitali usiku una maana yake. Wa baiskeli ya kuchezea sioni maana yake. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na wao hawakuwa hata na simu.

Baada ya hesabu tuje kwenye Injili, maana wengine huona aibu ya kutoa kidogo kama kwamba ni dhambi. Fungueni pamoja Injili ya Luka, sura ya pili, mahali Yosefu na Maria wanapompeleka Mtoto hekaluni. Mwinjili anataja sadaka waliyotoa: ndege wawili. Sasa rudini katika kitabu cha Walawi, sura ya kumi na mbili, muone sheria yenyewe ilivyokuwa. Mama aliyejifungua alitakiwa kuleta mwana-kondoo pamoja na ndege mmoja. Asiyeweza kumpata mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta ndege wawili. Mmeona? Familia Takatifu ilitoa kiwango cha maskini. Yosefu hakukopa kondoo ili watu wa Yerusalemu wasimdharau. Alijikuna alipojipata, naye ndiye aliyekabidhiwa Mwana wa Mungu amlee.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya familia, uitwao Familiaris Consortio, aliwahimiza wazazi kuwalea watoto katika maisha ya kiasi, ili wasiwe watumwa wa vitu na wajue kwamba thamani ya mtu haitokani na alivyo navyo. Na Papa Fransisko katika Amoris Laetitia, mwaka 2016, alionyesha kwamba kumfundisha mtoto kungoja ni sehemu kubwa ya malezi, hasa siku hizi ambapo kila kitu kinatakiwa papo hapo. Papa huyo huyo alifika kwetu Kangemi, parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 27 Novemba 2015. Siku hiyo alisifu hekima ya mitaa ya watu wa kawaida, ya kugawana na kusaidiana, vitu ambavyo soko la hisa haliviwekei bei. Hakutuambia kwamba umaskini ni mzuri. Alilalamika waziwazi juu ya ukosefu wa maji, ardhi na makao. Lakini alituambia kwamba tunacho cha kuwapa watoto wetu.

Sasa nirudi kwenye ile baiskeli iliyobaki gereji, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo wanandoa wengi wanaofanya kazi katika nyumba za wakubwa hunong'ona juu yake, na sijaona likiandikwa. Je, mtoto wetu apokee vitu vilivyochoka kwa watoto wa matajiri?

Mnamjua Mtakatifu Nikolao, askofu wa Mira katika nchi ambayo leo ni Uturuki, ambaye sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba. Huyu ndiye ambaye watu wa biashara wamemgeuza kuwa yule mzee mwenye kofia nyekundu na ndevu za pamba. Hadithi ya kale inasema kwamba alikuwako baba mmoja maskini mwenye binti watatu, asiye na mahari ya kuwaoza. Nikolao hakumwita mbele ya watu ampe pesa. Alikwenda usiku, akatupa mfuko wa dhahabu dirishani, akaondoka. Kwa nini usiku? Mimi naamini ni kwa sababu aliona haya ya yule baba, akamfunika. Aliwaokoa binti na wakati huo huo akamwachia baba heshima yake mbele ya binti zake.

Basi ninyi wasomaji wetu mlio na nyumba kubwa, kwani najua mpo na mnauchukua ukurasa huu Jumapili mlangoni mwa kanisa, igeni hapo. Mkitaka kumpa mtoto wa mfanyakazi wenu kitu, msimpe mtoto mwenyewe mbele ya baba yake. Mwulizeni mzazi faraghani, mwambieni kwamba anaweza kukataa, kisha mpeni yeye akampelekee mwanawe kwa mkono wake na kwa saa yake. Na kama kuna bahasha ya sikukuu, ile bahasha humsaidia kuliko baiskeli.

Nanyi mnaopewa, zungumzeni usiku ule ule. "Mama watoto, nimepewa kitu kadhaa, moyo wangu umekuwa mzito." Hilo tu. Inawezekana mke akasema, tuchukue, tuipake rangi nyingine. Inawezekana akasema, hata mimi sitaki. Nawajua mume na mke waliokwenda kwa mwajiri wakaomba walipe shilingi mia tano kwa kitanda cha mtoto walichotaka kupewa bure, na yule mwajiri akaelewa. Nawajua wengine waliopokea wakashukuru na wakalala usingizi. Mimi sioni dhambi upande wowote. Yule mume wa Spring Valley hakukosea kuona uchungu. Alikosea kuubeba peke yake mpaka ukazaa deni.

Na huyo mtoto mwenyewe? Tumesema sana juu ya wakubwa. Mtoto wa miaka mitatu au minne hajui bei. Hajui kipya na kilichotumika, isipokuwa sisi tumwambie. Anachojua ni kwamba kitu kinasonga, kinalia, kinarushwa, kinajengwa na kubomolewa, na kwamba kuna mtu mkubwa aliyekaa chini naye. Watoto wengi mmewaona wakiacha zawadi na kuchezea boksi. Mpira ni zawadi ya miaka. Zamani mtoto alijishonea mpira wa mifuko ya nailoni; tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Agosti 2017 watoto wetu hufunga matambara na vipande vya gunia, nao unadunda kidogo lakini unapigika. Ukiwa na pesa kidogo, mpira wa mtumba soko la Kangemi au Gikomba unatosha kabisa. Vitabu vya picha vilivyotumika hutandazwa chini kandoni mwa barabara mjini, nawe ukikubali kuinama na kuchambua utapata. Sufuria ndogo na vijiko vya kuchezea mchanga. Chaki na kipande cha ubao. Mwanasesere wa kitambaa aliyeshonwa na nyanya. Vitu vya mtumba vioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani kabla mtoto hajavipeleka mdomoni.

Hapa lazima niseme kwa ukali kidogo. Vile vitu vya bei ya chini sana vinavyouzwa Desemba njiani, vyenye taa na muziki, vitazameni vizuri. Ndani yake mara nyingi kuna betri ndogo ya duara kama kifungo. Mtoto akiimeza yaweza kuchoma njia ya chakula ndani ya saa mbili. Si jambo la kusubiri asubuhi: ni kukimbia hospitali. Kama mahali pa betri hapakufungwa kwa skrubu, usinunue. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, chukua lile bomba la katikati la karatasi ya choo: kitu chochote kinachopita ndani yake chaweza kumkaba, kwa hiyo si cha kwake.

Zawadi nyingine haina boksi. Nauli ya Westlands hadi Parklands, chapati katika mkebe, na mtoto yuko City Park akiwatazama kima. (Shikeni mkebe vizuri, hao hawajui mali ya mtu.) Au bustani ya Jeevanjee katikati ya mji, ambayo imekuwapo tangu 1906 na hakuna tiketi ya kuingia. Baba akienda na mtoto mmoja peke yake, mtoto huyo ataisimulia mwaka mzima.

Na pango! Mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi, kijijini Greccio huko Italia, alitayarisha hori na nyasi kavu, akaleta ng'ombe na punda, watu wakaja na mienge usiku. Hapakuwa na sanamu hata moja. Basi ninyi mna udongo mwekundu wa Kangemi na nyasi za bure. Mtoto wa miaka minne akifinyanga ng'ombe, hata kama ana miguu mitatu, amepata Krismasi yake, nanyi mmefanya katekesi bila kujua.

Sasa niwaambie mwaka uliofuata walifanyaje wale wawili. Sikuwapa dawa ya ajabu. Niliwaambia wakae Jumapili moja ya mwisho wa Oktoba, watoto wakiwa wamelala, na daftari. Waandike kwanza kila deni, hata lile la mama mboga, na kila ahadi waliyomtolea mtu. Kisha waandike wanayotegemea kupata hadi tarehe 31 Januari. Mume alikuja kunionyesha ukurasa huo, nao ulikuwa hivi: mshahara wake baada ya makato 15,000, na makadirio ya mke 7,500, jumla 22,500. Kodi ya Januari 5,500. Chakula 9,000, kuku wa sikukuu akiwa ndani yake. Mafuta, maji na makaa 1,500. Nauli 1,200. Sweta, viatu na madaftari 3,000, nazo zikapewa mke azishike. Bibi huko nyumbani 1,000. Sadaka na mchango wa Jumuiya 300. Zikabaki elfu moja. Walibishana, wakakubaliana 400 ziwe za dharura na 600 ziwe za zawadi kwa watoto wote wawili.

Mia sita. Mume aliniambia alipoiona ile tarakimu alitaka kucheka, halafu akataka kulia. Lakini mkewe alimwambia neno ambalo mimi sikulifundisha: "Mwaka jana alinifungulia zawadi mlangoni akiuliza baba yuko wapi."

Kwa hiyo jambo la kwanza walilolitafuta halikuwa dukani. Mapema mwezi wa Novemba, kabla mwajiri hajapanga safari, mume aliomba siku ya Krismasi, akaahidi kulinda siku inayofuata na siku ya Mwaka Mpya. Alikubaliwa. Mnaofanya kazi za namna hii, ombeni mapema. Ukiomba tarehe 22 umechelewa, na mwajiri naye amebanwa.

Jambo la pili lilikuwa gumu kuliko kupata ruhusa: kumwambia mtoto. Msimwache mtoto angoje kitu ambacho mnajua hakiji. Baba alimketisha Jumapili ya kwanza ya Majilio, akamwambia kwamba mwaka huu hakutakuwa na baiskeli, kwamba kutakuwa na mpira, na kwamba watatengeneza gari pamoja. Mtoto alilia. Akauliza, "Mwaka ujao?" Baba akasema, "Sijui. Nikijua nitakuambia." Ni jibu zuri, wapendwa. Neno "Krismasi" tusilitumie tena kama kifuniko cha sufuria, la kumnyamazisha mtoto kwa miezi minne.

Mpira ulipatikana kwa shilingi 250. Msichana alipata kitabu cha hadithi na rangi za kuchorea, 300. Zile 50 zilizobaki ziliingia katika kikapu cha Jumuiya kwa ajili ya mama mmoja mgonjwa, na mdogo ndiye aliyepewa azitie kwa mkono wake. Gari lilikuwa la waya, magurudumu ya ndara kuukuu, kama tulivyofanya sisi sote tuliokulia mashambani. Jioni tatu baba alikata na kukunja, mtoto akishika koleo na kumwuliza maswali mia. Halikwenda moja kwa moja; lilivuta kushoto siku zote. Mvulana aliliendesha mpaka kanisani asubuhi ya Krismasi, na walilazimika kuliacha chini ya benchi wakati wa Misa.

Kitenge cha namna moja hakikushonwa. Mke aliniambia mwenyewe kwamba hilo bado linamwuma kidogo, kwa kuwa majirani wawili walishona. Nimeliandika kwa idhini yake, ili msidhani kwamba mkishakubaliana hakuna kitu kitakachouma.

Kwa mazungumzo yenu nyumbani, au katika mkutano wa wanandoa wa Jumuiya, chukueni maswali haya, mmoja ajibu na mwenzake asikilize bila kumkatiza. Ni ahadi gani nimemtolea mtoto mwaka huu ambayo wewe huijui? Je, iko pesa au liko deni ambalo nimekuficha kwa sababu ya aibu? Tukipewa kitu kilichotumika na mtu tunayemfanyia kazi, wewe moyo wako husemaje, na mimi wangu? Tarehe 31 Januari tutakuwa na shilingi ngapi mkononi? Na siku ya Krismasi, saa nne asubuhi, kila mmoja wetu atakuwa wapi?